Madoadoa saa tano usiku: jibu kwa admini wa kundi la mtaa

Swali: "Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nakuru na ni admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu, watu mia mbili na kitu. Wiki iliyopita saa tano usiku jirani mmoja alituma ujumbe kwamba 'madoadoa yatoke kabla ya kura'. Niliufuta. Kulipokucha nusu ya kundi wakanitaka nimpeleke polisi, nusu wakasema nimemnyima mwenzao haki ya kusema. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa hapahapa, kwa hiyo maneno najua yanavyoua. Lakini nimeona pia vijana wakitiwa pingu kwa kumsema mkubwa. Wakili, hivi sheria inaweza kuzuia chuki mtandaoni bila kutuziba midomo? Na mimi nifanye nini?"

Shikamoo Mwalimu.

Inaweza, ila kwa masharti ambayo serikali zetu haziyapendi: iwe nyembamba, iulize nani anasema kabla ya kuuliza kasema nini, na mzigo wake mkubwa uwaangukie wenye kipaza sauti na kampuni za mitandao zinazokikodisha. Kenya hatuna upungufu wa sheria. Tuna sheria pana mno, na zimeshikwa na mkono unaochagua.

Tuanze na neno lenyewe. Ukifungua kamusi, madoadoa hayana kosa. Ng'ombe ana madoadoa, chui ana madoadoa, shati la kazi la mpaka rangi lina madoadoa. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba Bonde la Ufa, tangu mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990, neno hilo humaanisha watu: familia ya kabila jingine iliyojenga katikati ya "wenyeji". Januari 2022 seneta mmoja alilitamka jukwaani Eldoret na hakuchukua muda akawa mikononi mwa polisi. Aprili mwaka huo Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano, NCIC, ikatoa orodha ya maneno ya hatari: madoadoa, kwekwe, mende, na mengine ya lugha za makabila. Ndani ya orodha hiyo wakatia na "hatupangwingwi", ambalo ni neno la Sheng la mtu anayesema hapangiwi na mtu, na ambalo wakati ule lilikuwa kaulimbiu ya upande mmoja wa siasa. Watu walicheka, wengine wakaenda kortini, na mwaka huohuo Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku ya kaulimbiu hiyo.

Mimi siamini orodha. Mkulima atayaitaje magugu ya shambani kwake kama kwekwe ni kosa? Na mchochezi hodari hakosi neno. Mkataze "madoadoa" asubuhi, jioni atasema "wageni wamekaa sana", na kila aliye mkutanoni ataelewa nani anatakiwa afunge virago. Anayeumia na orodha ni yule asiyejua kwamba neno limeingizwa humo.

Kipimo ninachokitumia mimi, na ambacho ningependa kila afisa wa upelelezi akibandike ukutani, kiliandikwa Rabat, Moroko, mwaka 2012, chini ya Umoja wa Mataifa. Kina maswali sita. Mazingira yakoje wakati maneno yanasemwa? Msemaji ni nani, ana ushawishi gani? Alikusudia nini? Alisema nini hasa, kwa namna gani? Yaliwafikia wangapi? Na yana uwezekano gani wa kuleta madhara, tena karibuni? Yote sita yanapimwa pamoja, na kizingiti cha kumfikisha mtu kwenye kosa la jinai kimewekwa juu makusudi.

Sasa mpime jirani yako. Mazingira ni mabaya: Nakuru, na uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Maneno ni mabaya. Lakini msemaji ni nani? Hukuniambia. Kama ni fundi wa pikipiki aliyerudi kutoka kwenye kinywaji saa tano usiku, ana chuki, na chuki yake inanuka, lakini hana mtu wa kumtii. Kama ndiye anayewagawia vijana wa mtaa pesa za kampeni, au ni mtu wa karibu wa mgombea, ujumbe uleule una uzito mwingine kabisa, kwa sababu akisema "watoke" wapo wa kuuliza "tuwatoe lini?" Swali la idadi nalo lina ujanja wake. Kundi lenu ni watu mia mbili, lakini je, yeye ndiye aliyeutunga ujumbe huo au aliufowadi kutoka kwingine? Kama una ile alama ya kusambazwa mara nyingi, basi wewe umeona jani moja tu la mti mkubwa, na anayepaswa kutafutwa yuko shinani.

Tofauti hii kati ya chuki na uchochezi haikubuniwa na mawakili wa kutetea wahalifu. Tuna mfano hapa jirani. RTLM, redio ya Kigali, ilitangaza chuki dhidi ya Watutsi tangu 1993, ikiwaita inyenzi, yaani mende. (Ndiyo, mende lilelile la orodha ya NCIC, hapo tume haikukosea.) Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwahukumu waliokuwa nyuma ya redio hiyo na gazeti la Kangura Desemba 2003, na Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo, akapata kifungo cha maisha. Rufaa ilipoamuliwa Novemba 2007, majaji waligawa wakati sehemu mbili. Matangazo ya kabla ya Aprili 6, 1994, siku ndege ya rais wa Rwanda ilipotunguliwa na mauaji yakaanza, waliona ni chuki, ila hawakuyahesabu kuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Ya baada ya tarehe hiyo, watu walipokuwa wanaelekezwa nani auawe, wakayahesabu. Kifungo cha Nahimana kikashuka hadi miaka 30. Wapo waliokasirika, na siwalaumu. Lakini ikiwa majaji waliokuwa wanashughulikia damu nyingi kiasi hicho walijilazimisha kutofautisha, sembuse afisa wa polisi anayeshughulikia posti ya Facebook?

Turudi nyumbani. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha kinataja palepale visivyolindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki, na kuhubiri chuki kwa misingi ya kikabila au ubaguzi mwingine. Kwa hiyo aliyekuambia umemnyima jirani haki yake ya kikatiba hakuisoma mpaka mwisho. Isitoshe, admini wa kundi si serikali. Ukifuta ujumbe sebuleni kwako humfungi mtu mdomo; barabara bado iko.

Sheria ya Utangamano ya 2008, iliyozaliwa baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, ndiyo yenye kifungu cha 13 kuhusu matamshi ya chuki: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kinamshika anayetamka, anayechapisha na anayesambaza, maana yake "mimi nilifowadi tu" si utetezi wa kutegemea. Lakini kisome kwa makini uone mapengo mawili. Kwanza kinagusa maneno ya kutisha na pia ya "kutusi", na tusi ni kitu ambacho kila mwenye cheo huamini ametupiwa. Pili, chuki kinayoizungumzia ni ya kabila, rangi, utaifa na asili. Dini haimo. Jinsia haimo. Huku Mombasa ninakofanyia kazi nimeletewa jumbe za kutaka waumini wa dini fulani wafukuziwe mbali, na ukizipima kwa kifungu hicho zinateleza kama sabuni, hali Katiba yenyewe imetaja ubaguzi wa kila aina. Hapo ni pembamba mahali pasipofaa na papana mahali pasipofaa.

Upana ndio unaonitisha zaidi. Mwaka 2015 Geoffrey Andare alikamatwa kwa kuandika Facebook kwamba afisa mmoja aliyehusika na misaada ya masomo anawanyanyasa wasichana maskini. Alishtakiwa kwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, cha "kutumia vibaya" mtambo wa mawasiliano. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakifuta: maneno kama "yenye kuudhi" au "machafu" hayana mpaka, na raia hawezi kujua mapema kipi ni kosa. Tukashangilia. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, na humo mkawa na kifungu cha 22 na cha 23 kuhusu habari za uongo, cha pili kikiwa na adhabu ya hadi miaka 10. Wanablogu wakaenda kortini. Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa, Februari 2020 Mahakama Kuu ikavihalalisha. Shati lilelile, vifungo vipya.

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa tuhuma za kuchapisha uongo kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Akasafirishwa hadi kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Siku iliyofuata alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani; upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa na kukabwa shingo ambayo mtu hajifanyii. Kesi yake haikuwa ya chuki. Lakini anayeniambia tupanue makosa ya maneno ili "tukomeshe chuki", namwuliza kwanza anipeleke kwenye chumba ambamo makosa hayo yanachunguzwa.

Nami nimeviona vyumba hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea kijana wa bodaboda aliyefowadi katuni yenye maneno ya kikabila. Ilikuwa katuni ya kijinga, sikumficha. Alikamatwa Ijumaa alasiri, saa ambayo kila wakili anaijua: korti imefungwa, mtu analala ndani hadi Jumatatu. Kesi ikatajwa na kutajwa kwa miezi kumi na minne. Simu yake ikawa kielelezo, na simu ndiyo iliyokuwa ikimletea abiria. Siku ya ushahidi mpelelezi akatoa karatasi mbili za skrinshoti zilizochapwa nyeusi na nyeupe, wino umekwisha upande mmoja hata jina la mtumaji halisomeki, wala hana cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kueleza zilitolewaje, na kifaa gani, na nani. Hakimu akazikataa, kesi ikaanguka. Kijana hakuonekana ameshinda. Aliyetunga katuni ile hakutafutwa hata siku moja.

Sasa niende kwa wakubwa wasiotajwa sana kwenye mabishano ya kwenye makundi, yaani kampuni. Julai 2022, siku chache kabla ya uchaguzi, shirika la Global Witness pamoja na wanasheria wa Foxglove waliijaribu Facebook. Waliandika matangazo ya kulipia yenye wito wa wazi wa kuua, kwa Kiswahili na Kiingereza, wakayatuma yaidhinishwe, kisha wakayaondoa kabla hayajaonekana na watu. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalirudishwa mwanzoni kwa sababu ya sarufi na lugha chafu. Yaliposahihishwa, nayo yakapita. Soma tena hapo, Mwalimu, wewe uliyesahihisha insha miaka yote hiyo. NCIC ikaipa kampuni siku saba ijirekebishe au isimamishwe, mawaziri wakatoka haraka kusema hakuna atakayeizima.

Mawaziri walikuwa sahihi kutozima, na tume ilikuwa sahihi kukasirika. Kuzima intaneti ni dawa ya kumchoma mgonjwa pamoja na kitanda. Uganda ilizima Januari 2021, Tanzania ikazima Oktoba 2025, zote siku za kura. Uvumi haukuzimika, kilichozimika ni uwezo wa mama kumpigia mwanawe wa chuoni kwa WhatsApp kujua kama yu hai, na wa mwandishi kuonyesha nani anapiga nani.

Ujerumani ilijaribu njia ya tatu. Sheria yao ya 2017, iliyoshika kasi Januari 2018, ilizitaka kampuni kubwa ziondoe maudhui yaliyo haramu waziwazi ndani ya saa 24, la sivyo faini hadi euro milioni 50. Inavutia kuisikia. Ila fikiria wewe ndiye karani wa kampuni: ukibakiza chapisho baya unapigwa faini, ukifuta chapisho zuri hupigwi chochote. Utafuta. Ufaransa ilipotaka kuiga, Baraza lao la Katiba likaikata sehemu hiyo Juni 2020 kwa sababu hiyohiyo, kwamba kampuni zingefuta hata visivyo haramu ili zijiokoe. Na karani wa kampuni hasomi Sheng wala Kikalenjin. Yeye au mashine yake akiambiwa "madoadoa" ni haramu, atafuta na video ya mkulima wa Molo anayeuza ng'ombe.

Ninachokiona kina mwelekeo ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya huduma za kidijitali, iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Februari 2024. Haielekezi la kufanya kwa kila chapisho. Inaziambia kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 45 huko: chunguzeni hatari ambazo mitambo yenu inazaa, mpunguze, mkaguliwe na watu wa nje, na mkimfutia mtu mmweleze sababu na mumpe njia ya kukata rufaa. Ukikaidi, faini hadi asilimia 6 ya mapato ya dunia nzima. Tungeichukua hiyo tukaongeza yetu: kampuni iseme hadharani ina wasimamizi wangapi wanaojua Kiswahili, Kisomali, Kikikuyu, Kiluo, na matangazo ya kisiasa yasipite bila jicho la mtu. Kwa sababu jirani yako wa saa tano usiku hakuwa na mtambo wa kumpeleka kwa watu milioni. Kampuni inao, na inaulipisha.

Tena mlango umeanza kufunguka hapa Nairobi. Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Novemba 2021 baada ya picha na habari zake kusambazwa Facebook pamoja na maneno ya kumwandama. Mwanawe, Abrham, anasema aliripoti machapisho hayo tena na tena. Desemba 2022 aliishtaki Meta, kampuni yenye Facebook, hapa Kenya, kwa kuwa usimamizi wa maudhui ya ukanda huu ulikuwa ukifanyiwa Nairobi. Kampuni ikasema korti zetu haziwezi kuisikiliza. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema zinaweza. Kwangu mimi uamuzi huo una faida kuliko kukamata vijana mia wa bodaboda.

Kuhusu jirani, basi. Mpigie simu, usimwandikie kundini mbele ya watu, kwa kuwa akiaibishwa hadharani atatafuta wa kumuunga mkono na utakuwa umemjengea kambi. Mwulize ujumbe aliutoa wapi. Akisema aliutumiwa, mwombe akuonyeshe. Akijuta, mwache aombe radhi mwenyewe kundini, kwa sauti yake, hasa kwa zile nyumba mbili tatu ambazo nyote mnajua ndizo zilizotajwa bila kutajwa. Na wewe uende kwao kwa miguu. Wao ndio waliolala na ujumbe ule usiku ule, na katika swali lako lote hukuniambia wamesemaje.

Lakini ukigundua kuna tarehe, kuna majina, kuna ploti za nyumba, au kuna mtu anayelipa, acha mazungumzo. Hapo si chuki tena, ni mpango, na unapeleka ripoti NCIC na Idara ya Upelelezi siku hiyohiyo, ukiwa na nambari ya taarifa kutoka kituoni. Nenda na mtu. Usipeleke karatasi, peleka simu ambayo ujumbe uliingia, uombe uandikiwe kilichochukuliwa na nani amekichukua. Ulipofuta kwa kundi zima uliondoa ushahidi pia, kwa hiyo leo hii waulize wajumbe nani aliupiga picha kabla haujatoweka, asiifute, wala asiisambaze. Mara nyingine, nakili kwanza saa, tarehe na nambari, ndipo ufute.